Gia za umeme za baiskeli: matengenezo na vipuri kwa miaka kumi ijayo

Ni nadra mota ya deraila ya umeme, kifaa kinachohamisha cheni kutoka gia moja hadi nyingine, kufa yenyewe. Kinachouangusha mfumo ni vitu vidogo: waya wa sentimita sabini ulioliwa na chumvi, betri iliyochoka ndani ya nguzo ya kiti, swichi iliyopasuka mpira, au hangeri ya alumini, kile kipande kinachoshika deraila kwenye fremu, ambacho kiwanda cha fremu kimeacha kukitoa. Gia za kawaida za kebo unaweza kuzitafutia kebo katika duka lolote la baiskeli, ukakata, ukafunga, ukaondoka. Za umeme zinadai kipande cha kizazi chake hasa. Kwa hiyo kazi kubwa hufanyika kabla hazijaharibika: kujua una kizazi gani, kununua mapema vipande vya bei ndogo vinavyopotea sokoni, na kujua utatokea wapi siku vikikatika kabisa.

Mwongozo huu unakaa zaidi kwenye Di2 ya nyaya, yaani gia za umeme za kampuni ya Shimano, kwa kuwa ndiyo iliyo na umri wa kutosha kuanza kudai vipuri. Mifumo ya kampuni ya SRAM inafuata, na ya Campagnolo inaguswa kwa kupita.

Soma namba kabla ya kununua chochote

Jina Di2 limetumika tangu 2009 kwa mifumo isiyoelewana. Geuza deraila ya nyuma utazame mwili wake upande wa ndani. Utakuta herufi RD na namba. Namba hiyo ndiyo inayoamua kila kitu.

RD-7970 ni Dura-Ace ya kwanza ya umeme, ya gia 10; Dura-Ace, Ultegra na 105 ni majina ya madaraja ya Shimano ya barabarani, kuanzia la juu. Nyaya zake ni za peke yake na haziingii kwenye kifaa chochote kilichofuata. Ukipewa bure, pokea. Ukiuziwa, kataa, isipokuwa muuzaji anakupa na seti ya pili ya kuchinja kwa ajili ya vipuri.

RD-6770 ni Ultegra ya 2011. Hapa ndipo ulipoanza mfumo wa E-tube, wenye waya mwembamba wa nyuzi mbili unaoitwa EW-SD50. Waya huohuo uliendelea kwenye kizazi chote cha gia 11: Dura-Ace 9070 na R9150, Ultegra 6870 na R8050, GRX RX815, na pia XTR M9050 na XT M8050 za milimani. Kwa mtu anayenunua iliyotumika, familia hii ya gia 11 za barabarani ndiyo salama zaidi kwa vipuri, kwa sababu imetengenezwa kwa wingi na kwa miaka mingi, na vipande vya seti moja vinaweza kuokoa nyingine.

Mwaka 2021 zikaja R9250 na R8150 za gia 12, na 2022 ikafuata 105 R7150. Waya ni mwingine, EW-SD300, mwembamba zaidi. Mikono ya gia, yaani vishikio vya breki vyenye vitufe vya kubadilisha gia, haina waya. Inatumia betri za kidonge za CR1632, na chaja inachomekwa kwenye deraila ya nyuma yenyewe. Kuna kiunganishi, EW-AD305, kinachounganisha SD50 na SD300, lakini usidhani kinaunganisha na vizazi. Mkono wa gia 11 hauwezi kuendesha deraila ya gia 12.

Ukishajua namba, nenda si.shimano.com upakue nyaraka mbili za kila kifaa ulicho nacho: DM, yaani maelekezo ya fundi, na EV, yaani mchoro wa vipande vilivyotawanywa. Kwenye EV kila kipande kidogo kina namba inayoanza na Y. Hiyo ndiyo namba ya kumtumia muuzaji, kwa sababu ukimwambia "ile springi ya deraila ya Ultegra" utaletewa kitu kingine. Zihifadhi kwenye simu na kwenye kompyuta.

Kinachouzwa na kisichouzwa

EV itakuonyesha ukweli ambao muuzaji hatakuambia. Kwa deraila ya nyuma ya Di2 utapata puli zote mbili (magurudumu madogo yanayoongoza cheni), mabati ya keji inayozishika, springi ya keji, boliti, skrubu za vikomo, na kwa zile zenye klachi ya kuzuia cheni isirukeruke, baadhi ya vipande vya klachi. Mota, giaboksi yake na saketi haviuzwi. Mwili umefungwa kiwandani, na ukiufungua, kinga yake dhidi ya maji imekwisha. Deraila ya mbele ni hivyohivyo.

Upande wa mikono habari ni nzuri zaidi. Mifano mingi ya nyaya ina swichi inayouzwa peke yake, kushoto na kulia, pamoja na mpira wa kushikia na boliti ya bendi. Mkono uliokufa vitufe bado unaweza kuwa na silinda ya breki nzima kabisa, na silinda ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya bei. Usitupe mkono kabla hujaangalia kama swichi yake bado inauzwa.

Mwaka 2023 SRAM ilikwenda mbali zaidi na deraila za milimani za Eagle Transmission: keji, puli, bamba la nje linalokwaruzwa na mawe, vyote vinafunguka na kununuliwa kimoja kimoja. Kwa anayenunua mpya na anayefikiria miaka kumi, hilo lina uzito kuliko gramu mia za tofauti.

Kutafuta hitilafu kwenye Di2 ya nyaya

Fuata mpangilio huu. Anayeanza na deraila huishia kununua deraila asiyoihitaji.

1. Bonyeza kitufe chochote cha mkono na ukishikilie kidogo huku ukitazama taa ya jankisheni A, kile kisanduku kilicho chini ya stemu, ndani ya fremu au mwishoni mwa usukani. Kijani inayokaa ni betri imejaa. Kijani inayopepesa ni nusu. Nyekundu inayokaa ni robo. Nyekundu inayopepesa ni tupu. Isipowaka kabisa, chaji kwa chaja ya SM-BCR2 na adapta ya ampea 1 kwa muda wa saa moja na nusu, kisha rudia. Ukichaji kwenye tundu la USB la kompyuta, hesabu saa tatu.

2. Ya nyuma inafanya kazi na ya mbele imekataa? Hiyo ni betri mpaka ithibitike vinginevyo. Mfumo umepangwa hivyo: umeme ukipungua, deraila ya mbele, inayokula umeme mwingi, inazimwa kwanza, ya nyuma inaachiwa uhai wa kukufikisha nyumbani.

3. Kama baiskeli ilianguka na ya nyuma haisogei, huenda haijaharibika. Ikigongwa, deraila hujitenga na mota yake ili giaboksi isivunjike. Inua gurudumu la nyuma, bonyeza kitufe cha jankisheni A kwa sekunde 5 au zaidi hadi taa nyekundu iwake kisha ianze kupepesa, halafu zungusha pedali. Deraila itasogea yenyewe na kujifunga upya. Mota ikinguruma na deraila isisogee hata baada ya hapo, meno ya ndani yameisha. Hapo ndipo unanunua nyingine.

4. Bado kimya? Tenga. Uzuri wa E-tube ni kwamba matundu yote ni sawa na mpangilio wa nyaya hauna maana. Kifaa chochote kinaweza kukaa popote. Tumia nafasi hiyo. Jankisheni ya SM-EW90-A ina matundu matatu: chomeka betri kwenye la kwanza, mkono mmoja kwenye la pili, na kwenye la tatu waya mrefu wa akiba unaopita nje ya fremu, umefungwa kwa utepe, hadi deraila ya nyuma. Betri itoe ndani ya nguzo ya kiti uilete hadi kwenye usukani. Sasa umeondoa nyaya zote za ndani ya fremu na jankisheni B iliyojificha karibu na ekseli ya pedali. Ikifanya kazi hivyo, deraila, betri na mkono ni vizima, na ubovu uko ndani ya fremu. Isipofanya kazi, badilisha mkono kwa ule mwingine, kisha badilisha waya wa betri.

5. Rudisha kifaa kimoja kimoja, ukijaribu kila baada ya kimoja. Kile kinachozima mfumo kikichomekwa, au waya wake, ndicho mwizi.

Kwenye baiskeli zenye EW-RS910, ile jankisheni ya mwishoni mwa usukani, matundu ni mawili tu. Ongeza SM-JC41, yenye matundu manne, kama njia panda ya kujaribia.

Betri inayoisha ndani ya siku chache bila baiskeli kuguswa ni kesi tofauti. Mfumo mzima hulala usipotumika, hivyo kuna kitu kinachouamsha: kitufe kilichonata, mara nyingi kwa jasho na sukari ya vinywaji, au unyevu ndani ya kiunganishi. Chomoa mkono mmoja usiku huu, mwingine kesho usiku, uone ni usiku gani betri haikushuka.

Nyaya

Kiunganishi cha SD50 huingia kwa mlio wa "tik". Pasipo mlio hakijaingia, hata kama kinaonekana kimekaa. Tumia kifaa cha plastiki cha TL-EW02 kuingiza na kutoa; SD300 ina chake, TL-EW300. Ukivuta kwa kushika waya wenyewe, uzi wa ndani hukatika penye shingo ya plagi, mahali ambapo macho hayaoni, na mfumo huanza kukata na kurudi kila ukipita kwenye matuta.

Tundu lisilotumika lazima liwe na kizibo, namba Y6VE15000. Tundu moja wazi kwenye mkono, chini ya mpira unaonyonya jasho, linatosha kuleta kutu ya kijani ndani ya msimu mmoja kwa anayeendesha Mombasa, Tanga au Unguja. Ukiikuta hiyo kutu, ondoa betri kwanza, dondosha spiriti ya kusafishia saketi, sugua taratibu kwa brashi laini ya meno iliyokatwa nywele, acha ikauke, paka grisi kidogo isiyopitisha umeme pembezoni mwa plagi, si kwenye ncha, kisha funga. Usitumie petroli wala thina. Zinaula mpira na plastiki.

Waya uliokatika hupimika kwa multimita iliyowekwa kwenye mlio: kila uzi ulie kutoka ncha hadi ncha, na nyuzi mbili zisilie zikiguswa pamoja. Tikisa shingo za plagi huku ukipima. Kama hakuna waya mpya, wa zamani unaungika, kwa kuwa ndani una nyuzi mbili tu. Kata nyuzi mbili kwa urefu tofauti ili maungo yasikutane mahali pamoja, unganisha rangi kwa rangi, chomelea kwa risasi, funika kila uzi kwa mpira unaosinyaa kwa moto, kisha funika vyote kwa mpira mkubwa zaidi. Ungo likae mahali pasipokunjwa, na lisipite kwenye tundu la fremu lenye ukingo mkali.

Nyaya huuzwa kwa urefu maalumu kuanzia milimita 150 hadi zaidi ya 1000. Pima wa kwako kwa kamba kabla ya kuagiza. Mrefu unaweza kukunjwa ndani ya fremu. Mfupi hauna dawa.

Betri

Hapa ndipo umri unapoonekana kwanza. Betri ya ndani ya Di2 ni ya lithiamu, volti 7.4. Iliyotangulia ni SM-BTR2, ikafuatwa na BT-DN110. Mifumo ya gia 12 inatumia BT-DN300. DN110 inaingia mahali pa BTR2, na ndiyo inayofungua ubadilishaji gia wa pamoja, ule unaomwezesha mwendeshaji kusogeza deraila zote mbili kwa mkono mmoja. Ukifanya mabadiliko hayo, unganisha mfumo na E-TUBE PROJECT, programu ya Shimano ya kompyuta, siku hiyohiyo usasishe programu ya ndani ya kila kifaa.

Dalili ya betri iliyochoka si kukataa kujaa. Itaonyesha kijani baada ya kuchajiwa, kisha itafika nyekundu ndani ya wiki mbili pale ilipokuwa ikikaa miezi. Ukiona hivyo na huna uvujaji wa umeme, nunua nyingine.

Kubadilisha: weka alama ya utepe kwenye nguzo ya kiti ili urefu urudi palepale, legeza boliti ya kiti, vuta nguzo polepole. Waya utafuata. Ushike kabla hujachomoa plagi, na ukishaichomoa ubandike waya kwa utepe mdomoni mwa bomba. Ukizama ndani ya fremu utatoa krenki ili kuupata. Toa betri kwenye kishikio chake, chomeka mpya kwa TL-EW02, jaribu gia zote kabla ya kurudisha nguzo. Kishikio kikilegea, kizungushie sponji. Betri inayogonga bomba la kaboni huvunja plagi yake yenyewe.

Betri usiinunue ya akiba mbili tatu. Huzeeka kabatini pia. Moja inatosha, ihifadhiwe mahali pa baridi ikiwa na nusu ya chaji au zaidi, na ichajiwe kila baada ya miezi sita. Ndani ya gari lililoegeshwa juani Dar es Salaam mwezi wa Februari ni mahali pabaya kupita pote. Kuchaji kufanyike kati ya nyuzijoto 0 na 45.

Kuagiza betri peke yake kwa ndege huleta matatizo, na si ubishi wa wakala. Betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake, chini ya namba UN3480, haziruhusiwi kama mzigo kwenye ndege za abiria. Njia rahisi ni ndugu au rafiki anayesafiri. Betri ya volti 7.4 na milliampea-saa 500 ni wati-saa 3.7, wakati kikomo cha kawaida cha betri ya akiba ya abiria ni wati-saa 100. Masharti ni mawili: iwe kwenye mzigo wa mkononi, si kwenye begi la chini, na ncha zake zifunikwe kwa utepe.

Kuna wanaofungua BTR2 na kuweka seli mpya. Inawezekana kwa fundi wa betri mwenye mashine ya kuchomelea seli, lakini kumbuka kwamba seli ziko mbili kwa mfuatano na lazima ziwe na chaji sawa, na kwamba saketi ya ulinzi inaweza kujifunga moja kwa moja ukishaitoa kwenye seli za zamani. Kazi hiyo isifanyike kwa risasi na koleo mezani jikoni. Kama DN110 bado inapatikana, nunua DN110. Kuna pia njia iliyosahauliwa na wengi: kishikio cha nje cha BM-DN100, kinachobeba betri ya zamani ya SM-BTR1 chini ya chupa ya maji. Si kizuri kwa macho, lakini kinafanya kazi na E-tube.

Habari njema inatoka Ulaya. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2023/1542 inataka betri ndogo za vifaa ziweze kuondolewa na mtumiaji mwenyewe kuanzia tarehe 18 Februari 2027, na betri za akiba zipatikane kwa angalau miaka mitano baada ya kifaa cha mwisho kuwekwa sokoni. Vifaa vinavyofanya kazi katika mazingira ya maji vina nafuu yake. Hata hivyo mwelekeo unaonekana: XTR M9200 ya 2025 imeweka betri kwenye deraila yenyewe, ya kuchomoa kwa mkono.

Hangeri na deraila iliyogongwa

Gia zikiruka au kelele ikija kwenye gia mbili tatu tu, usiguse umeme. Pima hangeri. Toa deraila, funga kifaa cha kunyooshea hangeri, linganisha umbali hadi kwenye rimu juu, chini, mbele na nyuma. Tofauti isizidi milimita 4. Kwa gia 11 na 12 lenga 2. Alumini inavumilia kunyooshwa mara moja au mbili, kisha huvunjika.

Hangeri ni ya fremu, si ya Shimano, na ndicho kipuri kinachotoweka haraka kuliko vyote. Kiwanda kikibadilisha fremu, ya zamani inaondoka kwenye orodha. Nunua mbili siku unayonunua baiskeli. Afadhali zaidi, chagua fremu yenye UDH, hangeri moja ya pamoja iliyoletwa na SRAM mwaka 2019 na kukubaliwa na viwanda vingi. Ya fremu moja inaingia kwenye nyingine.

Unaporudisha deraila, boliti yake ikazwe kwa Nm (nyutoni-mita) 8 hadi 10, na za puli Nm 2.5 hadi 5. Kisha ingia kwenye marekebisho: shikilia kitufe cha jankisheni A hadi taa nyekundu iwake, iachie. Sasa kila bonyezo la mkono linasogeza deraila kwa kiasi kidogo sana badala ya gia nzima. Weka cheni kwenye gia ya tano, sogeza kuelekea ndani hadi cheni iguse gia kubwa inayofuata na kutoa sauti, kisha rudi nje hatua nne au tano. Bonyeza tena kitufe kutoka. Skrubu za vikomo zirekebishwe mwisho, na ile ya gia kubwa iachiwe upenyo kidogo: deraila hii hupita lengo kidogo kisha hurudi, na ikikuta skrubu imeikaba, itakwama au itakataa kupanda.

SRAM na Campagnolo

SRAM ya kwanza isiyo na waya, Red eTap ya gia 11, ilitangazwa 2015. AXS ya gia 12 ikaja 2019. Mikono na deraila za vizazi hivyo viwili hazioani, lakini betri ni ileile, na hilo ndilo linaloifanya SRAM iwe rahisi kutunza: betri unaichomoa kwa kidole, inaingia mbele na nyuma, na unaweza kununua hata miaka mingi baada ya deraila kuacha kutengenezwa. Ya nyuma ikikatika safarini, hamisha ya mbele. Ndani ya AXS ya gia 12, deraila ya milimani inakubali mikono ya barabarani, hivyo eneo lako la kutafuta vipuri ni pana.

Yanayoharibika ni machache. Komeo la betri huisha na betri huanza kutikisika. Hapo umeme hukatika ukipita kwenye njia za mawe tu. Ncha za shaba huota weusi: futa kwa spiriti na kitambaa, usikwaruze kwa msasa. Betri za CR2032 kwenye mikono zibadilishe zote mbili pamoja. Kifaa kikisahau wenzake, anza na deraila ya nyuma: shikilia kitufe chake hadi taa ipepese polepole, kisha shikilia cha deraila ya mbele na cha kila mkono hadi taa ipepese haraka, maliza kwa kubonyeza tena ya nyuma. Ukisafirisha baiskeli, toa betri, la sivyo mtikisiko utakuwa ukiamsha deraila ndani ya boksi.

Campagnolo EPS, iliyoanza 2011, ina betri na saketi pamoja katika kitengo kimoja, na vizazi vyake havichanganyiki kirahisi. Kitengo hicho kikifa, mfumo umekufa. Kununua EPS iliyotumika bila kitengo cha akiba ni kubahatisha. Ina wema mmoja: deraila ya nyuma unaweza kuisogeza kwa mkono hadi gia unayoitaka ili ufike nyumbani.

Programu nazo ni kipuri

Chaja ya SM-BCR2 ndiyo pia daraja kati ya Di2 ya nyaya na kompyuta. Ikipotea, umepoteza chaja na kipimo kwa mpigo. Inahitaji kompyuta ya Windows. Weka moja ya zamani kwa kazi hiyo, na uhifadhi faili la usakinishaji la E-TUBE PROJECT, kwa sababu matoleo mapya hayalazimiki kuvitambua vifaa vya zamani. Usasishaji ufanywe betri ikiwa zaidi ya nusu, kwa waya inapowezekana, na kamwe usiku wa kuamkia mashindano. Ukikatika katikati, kifaa kinaweza kuonekana kimekufa. Kiache peke yake na betri na jankisheni A, kisha tumia chaguo la kurejesha programu.

Kwa mifumo isiyo na waya usipuuze masasisho. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern na Chuo Kikuu cha California, San Diego walionyesha kwamba ishara za Di2 zinaweza kunaswa na kurudiwa na mtu mwingine ili kubadilisha gia zako, na Shimano ikatoa programu ya kuziba mwanya huo.

Kisanduku cha akiba

Kwa Di2 ya gia 11 weka hivi: hangeri 2, waya wa SD50 mmoja unaotoka stemu hadi deraila ya nyuma kwa nje, na mwingine wa urefu wa kati, vizibo 4, TL-EW02 mbili, maana moja itapotea, SM-JC41 moja, jozi ya puli, betri moja, swichi ya kila upande kama bado inauzwa. Kitu kimoja zaidi ambacho wengi hawakifikirii ni swichi ndogo za usukani, SW-R610. Zilitengenezwa kwa waendeshaji wanaotimua mbio mwishoni mwa mashindano, lakini zinachomekwa kwenye tundu la mkono, hivyo swichi kuu ikifa na haipatikani tena, zenyewe zinaweza kuchukua kazi. Kwa AXS: betri moja ya ziada, CR2032 nne, hangeri 2, keji na puli.

Ukipata deraila ya nyuma iliyotumika ya kizazi chako kwa bei nzuri, inunue hata kama yako ni nzima. Omba video ikiwa inasogea gia zote, na picha ya puli na tundu la waya kwa karibu.

Vipuri vikikatika

Siku hiyo itafika. Mavic ya Ufaransa ilitoa gia za umeme, Zap mwanzoni mwa miaka ya 1990 na Mektronic mwaka 1999, na mifumo yote miwili iliachwa bila mrithi. Wenye baiskeli hizo walibaki na fremu nzuri zisizobadilisha gia.

Njia ya kwanza ni kuhamia gia 12 za 105 R7150 au mrithi wake. Kaseti (rundo la gia za nyuma) za Shimano za barabarani za gia 12 zinaingia kwenye hab, yaani kitovu cha gurudumu la nyuma, ya HG ya gia 11, kwa hiyo magurudumu hubaki. Yanayobadilika ni deraila, mikono, betri, nyaya, kaseti na cheni.

Ya pili ni kurudi kwenye kebo, na kwa wanaoishi mbali na maduka makubwa mara nyingi ndiyo ya busara. Breki za diski za maji hazihitaji kuguswa: mikono ya kebo ya ST-R8020 au ST-R7020 inatumia mafuta yaleyale ya madini na inaendesha kalipa zilezile za R8070. Kama unataka gia 12 za kebo, 105 R7100 ya 2023 ipo. Kabla ya kuuza Di2 yako, chunguza fremu: baadhi ya fremu zimetobolewa kwa nyaya za umeme tu, tundu la milimita chache ambalo ganda la kebo haliingii. Chukua kipande cha ganda la gia, jaribu kukipitisha penye tundu la mbele na lile la karibu na deraila ya nyuma. Kisipoingia, usitoboe kaboni. Mtafute mwenye deraila ya namba yako.